Mama Mkwe Aliyerukwa na Kompyuta

Kibodi, kama ile ya kompyuta, ni jina alilobandikwa na mama mkwe wake, na halikuwa la sifa. Mama huyo, muuguzi wa wodi ya wazazi, aliamini kwamba kazi ni kusimama. Mtu wa kukaa kutwa nzima akibofya vidude, kisha jioni aseme amechoka, huyo anawatania wenzake. Miaka yote ya ndoa alimtaja kama "mume wa binti yangu", mkwe hakumwita hata siku moja. Kibodi alicheka na wengine, lakini ilimuuma.

Sasa mama alikuwa anastaafu, na chakula cha mchana cha kumpongeza kiliandaliwa sebuleni kwake. Kibodi akaona bahati yake ndiyo hii. Ofisini walikuwa wameletewa lugha mpya ya kuandikia programu za kompyuta, naye alikuwa hajaandika kwayo hata mstari mmoja. Basi programu yake ya kwanza iwe ya mama: runinga iwasalimie waliohudhuria kwa majina, mmoja mmoja, akitangulia mwenye shughuli. Lugha ikamhenyesha. Akisahau alama, inagoma; akiweka alama za lugha yake ya zamani, inagoma vilevile. Mkewe alimkuta akiibembeleza kompyuta kama mtoto anayekataa dawa. Majina yalipoanza kuteremka, aliruka kwa furaha, akaifunga bila kutazama yameanza na nani.

Siku ikafika. Runinga ikamkaribisha shangazi, mjomba, majirani, hata dereva aliyeleta viti. Mama peke yake hakutajwa.

Kibodi akaifungua kompyuta yake, akaipitia programu, akang'amua: lugha yake ya zamani ilihesabu kuanzia moja, hii mpya inaanzia sifuri. Kwa mazoea aliiambia ianze na moja, nayo ikamruka wa kwanza. Akajikaza kisabuni, akaeleza hivyo hivyo mbele ya watu.

"Kwa hiyo mimi niko kwenye sifuri," mama akasema.

"Ndiyo, mama. Kabla ya wote."

Mama akavuta kiti, akakaa ubavuni kwake. "Haya, rekebisha nikiona."

Kibodi akafuta moja, akaandika sifuri. Runinga ikaandika: HONGERA MAMA YETU, SASA KAA UPUMZIKE. Mama akasoma kwa sauti, akarudia, machozi yakimlengalenga huku anacheka.

Mjomba akamwita Kibodi aache hayo mambo yake, aje ale. Mama akamshika mkono asiinuke.

"Mwache mkwe wangu," akasema. "Yuko kazini."