Kemunto Alivyonisahihisha Darasani

Jamani, leo mwanafunzi wangu amenisahihisha mbele ya darasa zima!

Nilikuwa nawafundisha makarani wapya wa korti namna ya kutafuta sheria. Nikawasomea kifungu ambacho mama mmoja kutoka Keumbu ameshtakiwa nacho, eti aliuza ndizi bila kibali.

Kemunto, binti kutoka Gesima, akainua mkono.

"Mwalimu, kitabu hicho ni cha wakati wa mkoloni. Umeangalia Gazeti la Serikali, linakotangazwa sheria zikibadilishwa?"

Sikuwa nimeangalia. Aibu iliyoje!

Tukapekua magazeti sote. Kumbe kifungu kilifutwa baada ya uhuru!

Nikamkimbilia hakimu, Kemunto akinifuata. Mchana mama akaachiliwa, akamkumbatia Kemunto huku akilia, "Mbuya mono, asante sana, mwanangu!"

Nani mwingine amewahi kufurahia kukosolewa hivi?