Nyumba Zilizokuwa Ndani ya Mto

Wakubwa wanapenda kusema mafuriko ni kazi ya Mungu. Yale yaliyomchukua mke wangu kule mtaani Kayole yalikuwa kazi ya watu watatu, na wote bado wanakula vizuri. Wa kwanza ni mwenye ploti, aliyemwaga malori ya vifusi mpaka akausukuma mto pembeni, kisha juu ya vifusi akajenga safu ya vyumba vya mabati na kutupangisha. Wa pili ni ofisa wa jiji aliyekuja kukagua, akanywa soda, akasema kila kitu kiko sawa. Wa tatu ni keateka, mtu wa mwenye ploti wa kuangalia nyumba, aliyetuambia tutulie ndani, maji hayajawahi kufika mlangoni.

Mimi niliishia darasa la nne. Baada ya msiba, kikundi kimoja cha mtaa wa Umoja kilinichukua niwe mpimaji. Unasimama mlangoni pa nyumba, unabonyeza simu, nyumba inaingia kwenye ramani pamoja na namba ya mpangaji. Mto ukijaa huko juu, kompyuta ya ofisi inawatumia onyo wote wanaokaa karibu na maji. Lakini kabla ya hapo kuna programu inayokagua ramani na kutupa makosa, kama vile nyumba mbili zilizokaa mahali pamoja, au choo katikati ya barabara. Sisi tuliiita mchujo. Kisichopita kwenye mchujo hakipati onyo.

Siku moja mvua ilikuwa imepiga tangu asubuhi, na fundi wetu wa kompyuta, mama mmoja wa mtaa wa Tassia asiye na maneno mengi, alikuwa anaweka mchujo mpya. Aliwahi kunieleza kwamba programu siku hizi hufungwa pamoja na kila kitu inachohitaji, wanaita kontena, nawe ukiishusha kwenye kompyuta yoyote inafanya kazi vilevile. Ukitaka kubadilisha kitu kimoja ndani yake, unalifunga upya lote.

Akaiwasha. Ikapita ramani nzima, ikaandika kwa kijani kwamba hakuna kosa lililobaki. Nikamwomba anifungulie Kayole.

Safu yetu ya zamani haikuwepo.

"Madam, hawa watu wameenda wapi?"

Alitafuta kati ya vilivyotupwa. Vyumba vyote vilikuwa huko, kila kimoja na sababu ileile: jengo liko ndani ya mto.

Nilisikia kichwa kinapata moto. Fundi hakujitetea, alinieleza tu. Sheria hiyo ya kutupa nyumba zilizo mtoni iliongezwa kwa sababu yetu sisi wapimaji. Msimu uliopita yule keateka aliwafukuza wenzangu kwa panga, nao ili wasirudi mikono mitupu wakasimama darajani na kubonyeza nyumba zote kutoka pale. Ramani ikajaa nyumba zinazoelea. Baadaye nilirudi mwenyewe nikazipima mlango kwa mlango, maana mimi keateka hanizuii, akiniona anaangalia chini. Shida ni kwamba mchujo mpya ulitumia mchoro wa mto wa kabla ya vifusi. Kwa mchoro huo, vyumba vile vilikuwa mtoni kweli.

"Mashine haijadanganya, mzee," akasema.

"Ndiyo maana hao ndio wangepaswa kuonywa wa kwanza."

Akampigia mkubwa wake, akaiacha simu mezani nisikie. Mkubwa alisema wafadhili wanataka ramani safi, marekebisho yangoje wiki ijayo. Fundi akauliza kama anaweza kurudisha mchujo wa zamani. Ulishafutwa, akajibiwa, mkubwa mwenyewe ndiye aliyeagiza. Huyo namhesabu wa nne.

Hata hajakata, simu yangu ikalia. Alikuwa jamaa yetu anayeutazama mto huko juu. Maji yalikuwa yamepita alama nyekundu na yanakuja.

Fundi alikata simu ya mkubwa bila kuaga. Akafungua maandishi ya ile sheria na kuibadilisha: nyumba iliyo mtoni isitupwe, iwekewe alama na ipite. Kazi ya kubadilisha ilikuwa ndogo. Kulifunga kontena upya ndiko kulikotutoa jasho. Kuna vipande lazima vishushwe kutoka kwenye intaneti, na intaneti ya ofisi ilikatika kazi ikiwa katikati. Akaanza upya kwa bando la simu yangu. Stima ikapepesa, taa zikafifia, kisha zikawaka tena. Nikazima feni, nikachomoa birika, sijui nilidhani nasaidia nini.

"Mzee, usinisimamie kichwani."

"Nikae, madam? Nikae kama tulivyoambiwa tukae?"

Mkubwa alipiga tena, fundi akaiacha simu ilie. Kontena likafungika, akalishusha, akaliwasha, na ile safu ikarudi kwenye ramani, kila chumba na kidoa cha njano. Akabonyeza kutuma.

Nilichukua boda mpaka Kayole. Nilikuta watu njiani wamebeba magodoro kichwani. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinionyesha simu yake.

"Baba, imesema nihame sasa hivi. Haijasema niende wapi."

Nikajitwika godoro lake kichwani, nikampeleka kanisani, nikarudi kumchukua jirani yake. Maji yalifika tukiwa tumemaliza. Yalibeba vyumba viwili vya mwisho, mabati na milango, na ndani hamkuwa na mtu.

Mkubwa aliwaandikia wafadhili kwamba mchujo wake mpya umefanya kazi vizuri sana. Fundi alipewa onyo kwa kukata simu. Mwenye ploti naye alingoja matope yakauke, akasimamisha vile vyumba viwili palepale, na kabla rangi haijakauka vilikuwa na wapangaji. Nilienda na simu yangu. Keateka akaangalia chini. Nikasimama mlango wa kwanza, nikabonyeza, nikaenda wa pili.