Siku Tulipoziba Matundu ya Darasa

Nyie vijana mtakaosoma haya, kaeni sawa. Mimi niliishia darasa la pili, kwa hiyo sitawafundisha habari za majengo. Nawaambia kosa nililofanya huku kwetu Vudee. Mkitaka kucheka, chekeni.

Mjukuu wangu, binti wa darasa la tatu, alikuwa anasinzia darasani kila siku. Mwalimu akaniita, akasema hali ikiendelea hivyo mtoto atarudia darasa. Nikawa namlaza mapema, nampa uji mzito, namgombeza mpaka nachoka. Bado akasinzia. Nikamwita mvivu mbele ya watu.

Wakati huo tulikuwa tunajenga darasa jipya kwa msaragambo. Pembe ikilia asubuhi, kila nyumba inatoa mtu. Wanaume wanachimba, sisi wanawake tunabeba mawe na mchanga. Mhandisi alikuwa binti kutoka Same mjini, buti zimemzidi miguu. Ukuta wake ulikuwa na mistari miwili ya matofali yenye matundu, mmoja chini ya madirisha, mwingine juu karibu na bati.

Sasa huku milimani adui yetu ni baridi. Ukungu ukishuka unaingia mpaka kwenye chungu. Siku mhandisi alipokwenda Hedaru kufuata saruji ya kumalizia, darasa likiwa limeshaezekwa na madawati yamo ndani, nikawaambia wenzangu, "Huyu amezoea joto la bondeni. Watoto wetu watakufa kifua." Tukakanda udongo, tukaziba matundu yote, safi kabisa, na vigelegele tukapiga.

Aliporudi alishika kiuno.

"Shikamoo, bibi. Nani kafanya hivi?"

"Marahaba. Mimi. Wala usinishukuru."

Hakugomba. Alituomba tuingie wote, tubanane kwenye madawati kama watoto, tufunge mlango na madirisha kama siku za ukungu. Kisha akaanza kutusomea orodha ya vifaa vya ujenzi, polepole: misumari, mbao, kokoto...

Nilichosikia baadaye ni kicheko.

"Mama anakoroma!" Huyo ni mke wa mwanangu, hana haya. "Ongeza sauti, mama, wa nyuma hawajasikia!"

Shavu langu lilikuwa juu ya dawati. Mimi, ninayeamka alfajiri kupalilia tangawizi!

"Pumzi za watu wengi zikikosa pa kutokea zinalaza hata mtu mzima," mhandisi akasema. "Hewa safi inaingia kwa matundu ya chini, iliyochoka inatokea juu. Hata madirisha yakifungwa, mtoto anapumua."

Nikalikumbuka darasa la zamani, watoto wamejazana, madirisha yamepigiliwa mbao kuzuia baridi. Mjukuu wangu hakuwa mvivu. Alikuwa anakosa hewa. Nikaomba mtaimbo, nikazibua matundu kwa mkono wangu, na udongo wenyewe tulikuwa tumeushindilia kweli. Wenzangu walinisaidia, huku wakikoroma kwa zamu kunikebehi.

Darasa la tatu likahamia humo. Muhula ulipokwisha mwalimu akaniambia, "Bibi, hasinzii tena. Sasa shida ni kumnyamazisha." Akapanda darasa la nne na wenzake.

Jioni ile, chakula kikiwa mezani, nilimwomba mtoto msamaha wote wakisikia. Kisha nikaamuru: "Katika nyumba hii, mtoto akisinzia kwenye daftari, mtu afungue dirisha kwanza, ndipo afungue mdomo. Nami nikisahau, niambieni usoni."