Kinu cha Sadala

Serikali ya Kijiji cha Ujamaa, katika kikao chake halali cha mwaka ule wa njaa, ilitamka kwamba Misima haina dhahabu, haikuwahi kuwa nayo, na atakayedai kuiona ni mpotoshaji wa umma. Tamko lilisomwa mara mbili, wananchi wakiwa wamesimama.

Chanzo chake ni kinu. Sadala, mhunzi wa majembe, alisikika akitwanga mchana, mlango wa ua umefungwa, wakati ghala la kijiji halijagawa hata punje. Jirani yake Zamda alitega sikio, kisha akamweleza Mbwana, balozi wa nyumba kumi, kwamba kuna mtu anakula mahindi ya umma. Adhabu ilijulikana: kaya nzima kukosa mgawo wa unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na kwa Sadala watoto walikuwa wameshaanza kulala na uji mwepesi.

Mbwana alisukuma mlango, akatia mkono kinuni, akalamba.

"Mgosi, unatwanga mawe?"

"Kwani yamekatazwa?"

Balozi hakuridhika. Mtu mwenye njaa hatwangi mawe ila kuficha mahindi. Akapekua mpaka uvunguni, akakuta magadi, chupa iliyosagwa, na tinkali, ile chumvi ya masonara, iliyonunuliwa Korogwe. Akasema hiyo ni sumu, au uchawi, au vyote viwili, na jina la Sadala likafutwa kwenye mgawo.

Mbele ya kamati Sadala aliona kwamba ili asiwe mwizi wa mahindi, lazima akiri dhahabu. Akakiri. Mwenyekiti Mdoe akamwambia ayeyushe waone. Basi akaosha unga wa mawe kwenye karai, akachanganya mchanga mzito uliobaki na dawa zake ndani ya chungu kidogo, akavukuta moto mpaka vyote vikawa uji mwekundu, akamimina. Ulipopoa ulikuwa kama kioo cheusi. Alipougonga, chini palikuwa na tone la njano, dogo kuliko punje ya mtama.

Kila mjumbe alitazama mikono ya mwenzake.

"Shaba," alisema Mdoe, akilifunga kwenye leso yake. "Haya, Sadala, mawe ya hiyo shaba uliyaokota wapi?"

Sadala alitazama magunia ya unga wa mgawo yaliyopangwa nyuma ya kamati, akataja korongo la nyuma ya josho. Jina lake likarudishwa kwenye mgawo.

Baadaye korongo lile lilitangazwa kuwa shamba la kamati. Wajumbe walililima kwa bidii, mpaka kina cha kiuno. Mvua zikaja, zikapita. Hakuna aliyeomba mbegu.