Jibini ya Ijumaa

Profesa wetu wa Zama za Kati ametumia maisha yake yote kuthibitisha kwamba ukabaila, ule mfumo wa wakulima kumlisha bwana naye akawalinda, haukuwahi kuwepo Ufaransa. Eti ni neno lililobuniwa baadaye na wanasheria wavivu wa kusoma hati. Ukilitamka kwenye semina yake, hakukaripii. Anafumba macho kama aliyekanyagwa kidole, anainua mkono wake mnene wenye vumbi la chaki, nawe unajua: Ijumaa utaleta jibini. Anaikata mwenyewe kwa kisu chake cha mfukoni, anakula sehemu laini ya katikati, sisi tunabaki na maganda. Tunambebea mkoba, tunamwekea kiti kantini, maana bila sahihi yake hakuna anayehitimu.

Ijumaa iliyopita Maëlle, ambaye tasnifu yake inangoja sahihi hiyo, uvumilivu ulimwisha. “Jamani Profesa! Sisi tunakulisha, wewe unatulinda. Sasa kama huu si ukabaila, ni nini?” Chumba kizima tuliacha kutafuna. Profesa alikifuta kisu kwenye suruali, taratibu, akatafakari kwa dhati kabisa, hata nikadhani vitabu vyake vyote vinaporomoka mbele ya macho yangu.

“Umelitamka,” akasema kwa upole. “Ijumaa ijayo, jibini ya mbuzi.”