Bi Esmat Ajipa Tano

Hasira za Bi Esmat zilijulikana mji mzima wa Birjand, huko Iran, na asiyezijua ujue hajawahi kulazwa. Muuguzi wa wodi ya saratani, mfupi, mkono mzito, ulimi mkali. Lakini msifu hadharani uone. "Mimi nani? Mimi vumbi la miguu yenu." Ndivyo walivyolelewa watu wa huko, wale waliolelewa.

Ndipo akaja Daktari Kamyar wa chuo kikuu na kipimo cha akili ya kiroho. Joto limepimwa, presha imepimwa, ilibaki roho! Kila muuguzi ajipe alama mwenyewe, sifuri mpaka tano: waijua nafsi yako? Waiona maana ya mateso? Mkurugenzi wa hospitali naye akamwachia Kamyar apange nani afanye kazi wapi kwa alama hizo.

Bi Esmat akaona haya. Nani ajisifu mbele ya Mungu? Akajaza sifuri, juu mpaka chini. Farzin, muuguzi mwenzake, ambaye mgonjwa akianza kukoroma kwa mauti yeye hukumbuka chai yake, akajipa tano tupu.

Matokeo yakabandikwa. Farzin kileleni, Bi Esmat mkiani, na amri juu yake: ahamie stoo ya mashuka, leo hii.

Na leo hii Mzee Yadollah, mkulima wa zafarani, alikuwa anakata roho. Bi Esmat alikuwa amemwahidi kumwelekeza kibla kwa mikono yake, na kutobanduka.

Akaufungua mlango wa Kamyar kwa teke.

"Wee mtoto, nani kakwambia sina roho?"

"Majibu yako mwenyewe, Bi Esmat. Karatasi haidanganyi."

"Ile ilikuwa adabu, bwege wee! Mama yako akimwambia mgeni, 'Samahani, chakula chenyewe si chakula,' mgeni hukimwaga jaani?"

Farzin akachungulia. "Usijali, mama, mzee nitamgeuza mimi. Kibla ni upande gani vile?"

"Toka hapa, bwana tano! Daktari, lete karatasi nyingine."

Akajaza tano, tano, tano, kalamu ikitoboa karatasi, machozi ya hasira yakimtiririka, maana kila tano ilimchoma kama kitu cha wizi.

"Haiwezekani," Kamyar akasema. "Mkiani hadi kileleni, mara moja hivi?"

"Si karatasi haidanganyi? Tia sahihi, nirudi wodini!"

Akatia. Angefanyaje?

Bi Esmat akakimbia wodini, akakigeuza kitanda peke yake, magurudumu yakilia.

"Umechelewa, binti yangu," Mzee Yadollah akanong'ona.

"Nilikuwa najisifu," akajibu, akamshika mkono, wala hakubanduka.