Lenzi za Mwezi na Maji ya Zamzam

Miwani yangu ilikuwa mizito hata binamu zangu wakaiita darubini. Harusi yangu ilipokaribia niliapa: siku hiyo nitakaa mbele ya wanawake wote wa Garissa macho matupu, bila vioo viwili puani.

Daktari wa macho hapa mjini, mtu wa Meru asiye na haraka, alinifundisha kama mtoto wa nasari. Zipo lenzi laini za siku moja: unavaa asubuhi, jioni unatupa. Zipo za mwezi mzima, ambazo kila usiku hulazwa ndani ya kikopo chenye dawa yake. Zipo ngumu, za watu ambao kioo cha jicho kimechongoka. Na zipo za rangi. Hizo alizitaja akinitazama, akijua nitaziulizia. Niliziulizia. Akashauri kwamba kwa vumbi letu hili nichukue za siku moja. Mimi kwa ubishi wangu nikachukua za mwezi. Niliona israfu kutupa macho kila jioni.

Wiki mbili zilikwenda raha mustarehe. Niliona majani ya mwarobaini moja moja, nikaona na jirani anavyonikunjia uso. Kisha jicho la kulia likawa jekundu, likanichonyota, nikashindwa kutazama mwanga. Siku tisa kabla ya harusi nilirudi kwa daktari, mama akinishika mkono.

Aliuliza lenzi nazihifadhi ndani ya nini. Nikajibu kwamba ni kwenye dawa. Mama akakohoa.

"Daktari, mimi nabadilisha kila usiku, namwaga dawa natia maji," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Maji hiyo si ya mfereji. Ni ya zamzam, ya Makka."

Daktari hakucheka. Alieleza taratibu kwamba lenzi laini hunywa maji, na vijidudu, hata maji yawe safi namna gani, hubaki vimebanwa juu ya jicho. Kidonda kilikuwa kimeanza. Jicho litapona kwa dawa ya matone, lakini lenzi marufuku kwa miezi. Basi nikaolewa na miwani, na picha zote zinaonyesha hivyo.

Siku ile ya daktari nilikasirika, wallahi. Tulipofika nyumbani nikamwuliza mama kwa nini hakuniambia. Alikuwa ameketi mkekani, chupa tupu mapajani. Niliijua. Aliileta kutoka hija, akaifungia sandukuni pamoja na sanda yake, yawe maji ya kumlainishia ulimi saa ya kukata roho. Sisi watoto tulikatazwa hata kuigusa.

"Hooyo," aliniambia, kwa neno lile lile la Kisomali tunalomwitia yeye mama, "mimi nitakufa hata bila maji. Wewe ulitaka kuona."

Hasira iliniisha pale pale. Nililia mpaka dawa yote ya daktari ikatoka jichoni, ikabidi mama anitie upya yeye mwenyewe, tone kwa tone.